Vali Aliyoichagua Arvil Blanton

Arvil Blanton hakuwa na upendeleo: aliwadharau watu wote sawasawa. Aliwadharau wateja waliokuja dukani wakiwa na picha kwenye simu na kusema "nataka kama hii", na waliokuja bila picha akawadharau vilevile. Aliwadharau wakata magogo kwa kuchanganya mafuta mapya na ya zamani, wenye migodi kwa kuifunga, na chama cha wachimbaji kwa kukubali ifungwe. Mkewe Wilma, alipohamia kwa dada yake Ohio miaka kumi iliyopita, alisema hana ugomvi na mtu. Alitaka tu, kabla hajafa, anywe kikombe kimoja cha kahawa bila kuambiwa kwamba ameikoroga vibaya.

Lakini tumpe haki yake, kazi aliijua. Kwa miaka ishirini na saba alikuwa fundi wa haidroliki chini ya ardhi katika migodi ya Teague Fork, mashariki mwa Kentucky. Alilala chali kwenye matope, dari ikiwa inchi arobaini na mbili juu ya pua yake, akibadilisha silinda kwa kupapasa. Mashine za mgodini zinaendeshwa kwa mafuta yanayosukumwa ndani ya mipira kwa presha ya kutisha. Ukifungua nati kabla ya kuitoa hiyo presha, mafuta yanapenya ngozi na kuingia mwilini, na mkono unaishia kukatwa. Arvil hakuwahi kufanya kosa hilo. Alichopata ni kidole gumba cha kushoto kilichopinda, mwaka wa tisini na nne, pale gari la kuzolea makaa lilipogonga jiwe na usukani ukajirudisha kwa nguvu mkononi mwake. Tangu siku hiyo aliuchukia usukani unaojirudisha kama mtu anavyomchukia mbwa aliyemng'ata.

Mgodi wa mwisho wa Teague Fork ulipofungwa, Clovis Ledford akamweka kwenye kaunta ya duka lake la mipira ya presha na vali. Mwanzoni wateja walikuwa migodi miwili mitatu iliyobaki kwingine na wenye matrekta. Halafu wakaja warukaji. Mrukaji ni mtu anayeunga mabomba ya chuma mpaka yakawa fremu, akatia injini yenye nguvu za kuvuta lori, akafunga tairi zinazomfika kifuani, kisha akalirusha gari hilo juu ya kilima chenye mawe kwa mwendo ambao mtu mwenye akili hautumii hata barabarani. Umati unapiga kelele. Akifika juu ameshinda, asipofika anarudi chini akibingirika na umati unapiga kelele zaidi. Kilima chenyewe ni kilekile ambacho Arvil na wenzake walikichimba tumbo mpaka likabaki tupu.

Gari la namna hiyo halina chuma chochote kinachounganisha usukani na tairi. Ukizungusha usukani unazungusha vali ndogo, kubwa kidogo kuliko chupa ya jemu, na vali inapeleka mafuta kwenye silinda iliyolala juu ya ekseli ya mbele, na silinda inasukuma magurudumu. Kati ya mikono ya dereva na tairi hakuna kitu ila mafuta. Kwa hiyo pampu, vali na silinda lazima vichaguliwe vikubaliane, na ukichagua vibaya hakuna cha pili cha kukushika. Warukaji walichagua kwa ukubwa na kwa kung'aa.

Mfano ni yule daktari wa meno kutoka Lexington, Prentiss Yarborough. Alikuja asubuhi moja ya Aprili amebeba silinda mpya ndani ya sanduku lenye sponji, kama mtu aliyebeba tarumbeta.

"Mzee Arvil," akasema, "hii ni ya inchi tatu. Nataka vali ya kuendana nayo."

"Kwa nini inchi tatu?"

"Ya mbili na nusu kila mtu anayo."

"Pampu yako inatoa galoni ngapi kwa dakika?"

"Ni ile nzuri. Ile ya bluu."

"Sikuuliza rangi."

Kwenye benchi la dirishani, benchi lililong'olewa kwenye gari la kuwashushia wachimbaji, Hobart Skidmore, mchimbaji mstaafu, akakohoa. Nusu ya kikohozi cha Hobart ni vumbi la makaa na nusu ni kicheko, na waliokaa naye miaka mingi wanajua kuvitenganisha.

"Nisikilize vizuri," Arvil akasema. "Silinda kubwa inataka mafuta mengi. Pampu yako haina hayo mafuta. Utazungusha usukani mara saba kukata kona moja, na ukizungusha haraka utakuwa mgumu mpaka ulie. Yaani umejinunulia gari la kwenda moja kwa moja. Meno ndivyo unavyoyang'oa? Unachagua koleo kwa rangi?"

Daktari akacheka, kwa sababu alikuwa mtu wa mjini na hakuona kwamba ametukanwa. Hapo Arvil akavuta mtoto wa meza, akatoa kadi nyekundu, akaandika jina lake mwenyewe kwa kalamu nene na kuifunga kwa waya kwenye silinda ile.

Kadi hizo zilitoka mgodini. Zimeandikwa HATARI, USIWASHE, na chini yake kuna nafasi ya jina. Fundi akiingia ndani ya mashine anaitundika kadi yenye jina lake kwenye swichi, na hakuna mwingine anayeruhusiwa kuitoa, awe msimamizi au awe mwenye mgodi mwenyewe. Aliyetundika ndiye anayetoa. Ukitoa kadi ya mwenzako unafukuzwa siku hiyohiyo, na ukirudi nyumbani mkeo hakuulizi kwa nini. Arvil aliondoka kazini na rundo zima, na dukani akawa anazitundika kwenye vifaa vya wateja aliowaona wajinga. Hazikuwa na nguvu yoyote ya kisheria. Lakini watu wa bonde lile ni watoto wa wachimbaji, na nimeona mwanamume wa kilo mia moja na ishirini akirudisha pampu yake nyumbani ikiwa na kadi, akaiweka rafuni miezi minane mpaka Arvil alipokubali kuja kuitoa mwenyewe.

Daktari wa meno aliichana kadi palepale, akaikunja na kuitia kwenye kopo la takataka. Hobart akainuka, akavaa kofia yake, akatoka bila kuaga.

"Nini tena?" daktari akauliza.

"Anayefuata," akasema Arvil.

Kila mteja aliulizwa maswali matano, na aliyeshindwa lolote hakuuziwa kitu. Tairi zako zina ukubwa gani? Silinda yako ina upana gani na inatembea inchi ngapi? Pampu inatoa kiasi gani? Unataka mizunguko mingapi ya usukani kutoka kona hadi kona? Mafuta yako yanapoa wapi? Clovis Ledford alilalamika kwamba duka lake limegeuzwa chumba cha mtihani. Arvil akamwambia akitaka auze yeye mwenyewe, na Clovis, ambaye hajui hata swali la kwanza, akarudi ofisini kwake kula mkate wake wa soseji.

Sasa, Arvil ana binti. Anaitwa Tavia, ana miaka ishirini na tisa, ni fundi kwenye gereji ya mabasi ya shule ya wilaya. Alikuwa mrukaji kwa miaka sita. Gari lake alilijenga mwenyewe, bomba kwa bomba, nyuma ya gereji, baada ya kazi, na kwa miaka yote sita baba yake hakuwahi kwenda kilimani hata mara moja. Mtu akimtajia alisema, "Wanapanda kilima ambacho makaa yake yalishatolewa. Wanafuata nini juu?" Tavia alikuwa anashika nafasi ya tatu, ya pili, na mara mbili ya kwanza, akiwa na vali ya usukani ya kuazima kwa rafiki yake. Msimu ule rafiki akaoa, akauza gari, akachukua vali yake. Mashindano makubwa ya mwezi wa tano yalikuwa yamebaki wiki tatu.

Angeweza kuagiza vali nyingine kwa simu. Badala yake alikwenda kupanga foleni kwa baba yake kama mteja mwingine.

"Habari za asubuhi, Baba."

"Tairi?" akauliza Arvil.

"Inchi arobaini na tatu."

"Silinda?"

"Mbili na nusu upana, fimbo moja na nusu, inatembea inchi nane."

"Pampu?"

"Galoni nne kwa dakika. Nimepima kwa ndoo na saa."

Arvil akainua macho. Katika miaka yote ya kaunta ile hakuna aliyewahi kumjibu kwa ndoo.

"Mizunguko?"

"Mitatu na robo. Ikipungua mitatu, mikono yangu itatangulia akili."

"Mafuta yanapoa wapi?"

"Nyuma ya kiti. Rejeta ndogo na feni yake."

Kwenye benchi hakuna aliyekohoa. Mtu mwingine yeyote angesema hongera, au angalau angesema vizuri. Arvil alifuta kaunta ambayo haikuwa na uchafu.

"Nimebakiwa na swali moja mimi," Tavia akasema. "Nichukue vali inayofunga au inayorudisha?"

Aliuliza jambo la maana. Vali inayofunga, ukiacha kuzungusha, inayabana mafuta palepale na magurudumu yanabaki ulikoyaelekeza. Inayorudisha inaiacha ardhi isukume magurudumu, kwa hiyo ukilegeza mikono usukani unajinyoosha wenyewe. Arvil akamtazama binti yake kama aliyeuliza kama mafuta yatiwe sukari.

"Inayorudisha ni ya watu wanaoachia usukani," akasema. "Kwa nini uachie usukani? Unawashwa?"

"Labda anataka kupaka rangi ya mdomo," Hobart akasema, na benchi lote likacheka.

Tavia hakucheka. "Mzee Hobart, ungekuwa na meno ningekujibu. Baba, gari likiruka mikono inalegea. Wote tunalegeza. Likitua, magurudumu yajinyooshe yenyewe, ndipo unashika tena."

"Wote," Arvil akasema. "Hao wote ndio wa pampu ya bluu." Akanyoosha kidole gumba kilichopinda, akakisogeza mpaka karibu na uso wa binti yake. "Unakiona? Hiki ndicho inachorudisha. Mimi nimefunga vali kabla hujaota meno. Nitakutafutia ya maana. Anayefuata."

"Na Jumamosi ya mashindano utakuja?"

"Nije kutazama nini?"

Lakini kazi aliifanya, tuseme hivyo. Chini ya meza yake ya ufundi nyumbani alikuwa na vali aliyoing'oa kwenye gari la kuzolea makaa siku ya mwisho ya mgodi, kabla walanguzi wa vyuma hawajafika. Alasiri tatu mfululizo aliifungua, akaisafisha kwa brashi ya meno, akatia sili mpya, akaipima ikampa mizunguko mitatu na robo, si zaidi si pungufu. Kisha akaitia ndani ya ndoo yake ya alumini, ileile aliyokuwa akibebea maharage na mkate wa mahindi kwenda zamu, akaendesha mpaka gereji ya mabasi. Hakuwahi kufika hapo. Ilibidi aulize mlango.

"Hii haijawahi kuvuja hata tone," akasema, akaiweka juu ya meza ya Tavia. "Funga hii."

Ilikuwa inayofunga, bila shaka. Daktari wa meno angalau hakujua kitu. Arvil alijua kila kitu kuhusu gari linalotambaa gizani mwendo wa mtu anayesindikiza mgonjwa, gari ambalo halijawahi kunyanyua tairi hata moja kutoka ardhini, akaamua kwamba basi amejua magari yote. Binti yake alimweleza kwa maneno ya kawaida mikono inafanya nini hewani. Hakumsikia, kwa sababu alikuwa anakisikiliza kidole chake.

Tavia aliizungusha vali kwa vidole, akahisi inavyoshika. Akaitazama ndoo. "Asante, Baba," akasema.

Jumamosi ile Arvil alimwambia Hobart kwamba anakwenda kuiangalia vali. "Nataka nione kama watu hawa wanajua kukaza nati," akasema. Walisimama chini kando ya uzio, mbali na watu, na chupa ya kahawa. Kulikuwa na magari arobaini, muziki, moshi wa nyama, watoto mabegani, na mtangazaji aliyepaza sauti kana kwamba analipwa kwa kelele. Arvil aliwadharau wote kwa utaratibu, kuanzia langoni. Daktari wa meno alipanda wa saba. Alifika kona ya kwanza, akaonekana akihangaika na usukani kwa mikono miwili kama anayefungua mlango wa stoo uliovimba, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye mti.

"Inchi tatu," Arvil akasema, na hiyo ndiyo furaha aliyoipata siku ile.

Tavia alikuwa wa kumi na mbili. Alipita mbele ya uzio kuelekea chini ya kilima, akamwona baba yake. Hakupunga mkono. Aligonga usukani mara mbili kwa kiganja, na hata Hobart, ambaye hajui kusoma vitu vya namna hiyo, aliona uso wa msichana ulivyong'aa.

Alianza vizuri kuliko wote. Gari lilipanda mawe ya kwanza likirukaruka, na kila alipokata, magurudumu yalitii papo hapo, bila kuchelewa na bila kutetemeka. Arvil akamwambia Hobart, "Unaona? Unaona inavyoshika?" Theluthi mbili ya kilima kuna ngazi ya jiwe inayomfika mtu kiunoni. Tavia alikata kushoto kuikwepa ncha yake, akaongeza mafuta, na gari likanyanyuka, tairi zote nne hewani. Mikono yake ikalegea, kama ilivyokuwa ikilegea kwa miaka sita. Lilipotua, magurudumu yalikuwa bado yameelekea kushoto. Vali iliyashika hasa, haikuvuja hata tone. Alipoushika usukani kuurudisha, ulidai mzunguko mzima na nusu, na muda huo haukuwepo. Gari likapanda ukingo wa kushoto, likasimama wima, likalala, likabingirika mara tatu kurudi chini.

Fremu aliyoiunga Tavia haikupinda popote. Mikanda aliyoichagua ilimbana kwenye kiti alichokifunga mwenyewe. Aliyoyachagua yeye yote yalishika. Mfupa wa bega la kulia tu ndio uliovunjika sehemu mbili.

Arvil alikuwa mtu wa kwanza kumfikia, mwenye umri wa miaka sitini na moja na mapafu ya mchimbaji, akiwa ameruka uzio ambao baadaye alihitaji kusaidiwa kuuvuka kurudi. Alishika bomba la fremu. Alikuwa anahema hata hawezi kusema, na laiti angebaki hivyo. Akapata pumzi.

"Uliachia usukani," akasema.

Tavia alikuwa amening'inia kwenye mikanda, kichwa chini, damu kidogo puani. "Nenda nyumbani, Baba," akasema, na watu wa huduma ya kwanza wakamsogeza Arvil kando.

Hakwenda hospitali. Hilo Hobart mwenyewe alilisema waziwazi kwamba ni aibu, na Hobart si mtu wa kusema mambo hayo. Arvil alikaa nyumbani Jumapili nzima, na Jumatatu akafungua duka, akauliza maswali matano, akamfukuza mkata magogo. Mtu alipomwuliza habari za binti yake alijibu kwamba dereva akiachia usukani hakuna vali duniani itakayomsaidia. Alilisema hilo mara nne kabla ya chakula cha mchana. Wale wa benchi, ambao kwa kawaida huitikia, walitazama nje dirishani.

Alhamisi Tavia akaja. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa kifuani. Kwenye wa kushoto alibeba ile ndoo ya alumini. Kulikuwa na wateja watatu mbele yake na wote walimpisha, lakini alikataa, akasubiri zamu yake.

"Tairi?" Arvil akasema, kwa sababu hakujua aseme nini.

Tavia aliitoa vali kwenye ndoo, akaiweka juu ya kaunta. Kisha akazunguka upande wa pili, upande ambao hakuna mteja anayekanyaga, akavuta mtoto wa meza wa baba yake, akatoa kadi nyekundu. Aliandika kwa mkono wa kushoto, polepole, herufi zikienda upande: T. BLANTON. Kuifunga kwa waya kwa mkono mmoja kulichukua muda mrefu. Arvil alinyoosha mkono kumsaidia, akautazama uso wake, akaurudisha.

"Nilijua," Tavia akasema. "Nilipoizungusha pale gerejini nilijua hii si yenyewe. Nimefunga usukani wa mabasi sabini, Baba, si mtoto mimi. Nikaifunga hivyohivyo. Unajua kwa nini?"

Arvil aliifunika kalamu nene iliyoachwa wazi.

"Kwa sababu uliileta kwenye ndoo yako."

Hobart alikuwa amevua kofia, sijui kwa nini.

"Sasa usiitoe hiyo," akasema Tavia. "Na usiisogeze. Ikae hapo wateja wanapoweka mikono." Akachukua ndoo, akaiacha tena, akaiweka sakafuni upande wa baba yake, akatoka.

Hilo lilikuwa mwezi wa tano. Clovis Ledford alitaka vali iondolewe kwa sababu inachukua nafasi ya mashine ya kadi za benki. Arvil akamwambia aitoe yeye, na Clovis, ingawa ni bwege, alizaliwa Teague Fork, akarudi ofisini. Mashine ya kadi ikahamishwa. Asubuhi Arvil anapangusa kaunta kwa kuizunguka vali, na vumbi linabaki chini yake kwa umbo lake. Bado anawadharau watu, msidhani amebadilika. Kwa wateja kuna mabadiliko madogo: maswali sasa ni sita, na la sita analiuliza kwa ukali uleule, kana kwamba limekuwepo tangu mgodi ufunguliwe.

Tavia hajarudi dukani. Aliagiza vali yake kwa simu, inayorudisha, na mwezi wa tisa alipanda kilima mpaka juu. Arvil alikuwepo kando ya uzio peke yake. Aliondoka kabla binti yake hajashuka.

Wiki iliyofuata daktari wa meno akaingia dukani, safari hii bila sanduku la sponji. Alijibu maswali matano, yote, hata la galoni, maana alikuwa amepima kwa ndoo kama alivyosikia watu wakisimulia. Arvil akainamia daftari lake. Daktari, akisubiri, akaiona vali na kunyoosha mkono kwenye kadi.

"Usiguse," Arvil akasema.

"Samahani. Ni yako?"

"Kadi si yangu."

Daktari akainama, akachungulia vali bila kuigusa. Alikuwa amesoma tangu Aprili, lazima tukubali. "Hii ni inayofunga," akasema. "Ya mgodini hii. Mtu aliiweka kwenye gari la kuruka?" Akacheka, akageukia benchi apate wa kucheka naye. "Mjinga gani huyo aliyechagua hii?"

Hobart alishika goti lake akatazama sakafu. Arvil aliweka kalamu chini, na kile kidole gumba kilichopinda kikalala juu ya daftari.

"Mimi," akasema. "Sasa jibu la sita: gari likiruka, mikono yako inafanya nini?"